Walimtaka Mzungu

Mwanamume yule alikuja na binti zake wawili, sare zao za shule zimepigwa pasi vizuri, akasimama mlangoni mwa darasa langu akinitazama nikifuta ubao. Alinisalimu kwa adabu, "Bonjour, maman," kisha akachungulia nyuma yangu, kwenye pembe ya chumba, kama mtu anayetafuta mwavuli aliousahau.

"Mwalimu iko wapi?" aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Apana, maman. Mwalimu ya Kingereza."

"Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza."

Alicheka. Hakucheka kwa dharau, na hilo ndilo lililoniuma. Alicheka kama mtu aliyetaniwa na shemeji. Aliponiona sicheki, akawageukia binti zake na kuwaambia kwa Kilingala, lugha aliyodhani siielewi, kwamba watarudi siku mundele atakapokuwepo. Mundele ni mzungu. Lilikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza ya Kilingala niliyoyajua Kisangani, na hakuna aliyenifundisha. Nililijua kwa kulisikia likitafutwa nyuma ya mgongo wangu.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilifundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka kumi na minne kabla ya kuvuka kwenda Kongo, na nasema bila aibu kwamba nilikuwa mwalimu mzuri. Nilikutana na mkurugenzi wa kituo kimoja cha lugha cha Kisangani tukiwa Kampala, kwenye semina ya walimu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye Kiingereza safi kuliko wengi tuliokuwa pale, na aliponisikia nikieleza namna ninavyofundisha matamshi, alinifuata wakati wa chai.

"Mwalimu, kuja kwetu Kisangani," aliniambia. "Batu banataka Kingereza sana, lakini hakuna mwenye kubafundisha vizuri. Mimi natafuta mutu kama wewe tangu zamani."

Tangu zamani. Niliyashika maneno hayo. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, watoto sina, ndoa ilikwisha, na shuleni kwangu nilikuwa nimegombana na mkuu wa shule kiasi kwamba tulikuwa tunasalimiana kwa nyusi. Miezi mitatu baadaye niliteremka kwenye uwanja wa ndege wa Kisangani nikiwa na sanduku moja la nguo na jingine la vitabu, joto likinikumbatia kama ndugu asiyejua kuachia.

Kituo kilikuwa ghorofani, katika mtaa wa Makiso, juu ya duka la vitenge. Madarasa matatu, mbao za dirishani za zamani zilizovimba kwa unyevu, na jenereta iliyonguruma chini yetu kila umeme ulipokatika, hivyo nilijifunza kufundisha matamshi kwa kupiga kelele. Wanafunzi walikuwa wa kila aina: wanachuo, makarani wa serikali, wauguzi, na wafanyabiashara waliotoka Kivu Kaskazini waliotaka Kiingereza cha kununulia mali ng'ambo.

Kati ya hao wafanyabiashara alikuwepo mama mmoja wa Butembo, mwenye duka la jumla la vyombo vya nyumbani, mwanamke mfupi aliyetembea haraka kana kwamba barabara yote ni yake. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Hakuwahi kukosa somo. Alikuwa akirudia sentensi mpaka jirani zake kwenye benchi wakamlalamikia, na nilipomsahihisha alinishukuru, akaandika, akarudia tena. Katika miezi minane nilimtoa kwenye salamu nikamfikisha kwenye kubishana. Siku aliyonibishia kwa Kiingereza kwa dakika tano nzima kuhusu kama mwanamke anapaswa kusafiri peke yake, nilirudi nyumbani kwa miguu huku nikitabasamu kama mjinga. Mwalimu haombi zaidi ya hayo.

Lakini nje ya darasa lile nilikuwa mtu wa kuelezwa kila mara. Wengine waliniita mundele-ndombe, mzungu mweusi, jina wanalompa Mwafrika mwenye mambo ya kigeni, na walidhani wananisifu. Wengine hawakutaka kuniita hivyo hata kwa utani. Karani mmoja, nilipokwenda kufuatilia karatasi zangu za ukaazi, alisoma maneno "mwalimu wa Kiingereza" akainua macho. "Tanzanienne? Kingereza?" Akamwita mwenzake aje aone. Siku nyingine dereva wa pikipiki alisikia Kiswahili changu na kuniuliza kwa ukali mimi ni mtu wa wapi hasa. Nilimwelewa yeye kuliko karani. Watu wa mji ule waliwahi kupigwa mabomu na majeshi ya wageni kutoka mashariki, majeshi yaliyopigana yenyewe kwa yenyewe barabarani mwao, na mpaka leo anayeongea kama mtu wa mashariki huangaliwa mara mbili. Kwa hilo sikukasirika. Lililonikasirisha ni kwamba lafudhi yangu ilikuwa kosa na rangi yangu ilikuwa kosa, wakati kazi yangu haikuulizwa.

Basi akaja mzungu mwenyewe.

Alikuja kituoni asubuhi moja ya mvua, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye ndevu nyekundu, viatu vimejaa tope. Alikuwa kwenye kikundi cha watu waliokuja kupima miti msituni, na kazi yao ilikuwa imesimama kwa sababu ya vibali. Nilikuwa peke yangu mapokezini. Alinieleza kwa Kiingereza cha kujikongoja kwamba ameelekezwa kwetu kwa sababu anataka kujifunza Kiswahili. Kwao si nchi ya Kiingereza. Alijifunza Kiingereza shuleni kama nilivyojifunza mimi, ila yeye alikisahau zaidi. Alikuwa akisema "jana naenda" na "mwaka kesho nilikuja", na hakujali, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfanya ajali.

Nilimpenda, sitaficha. Nilimfundisha salamu pale pale, tumesimama, maji yakimdondoka kutoka kwenye ndevu. Alikuwa anarudia "hujambo" kwa bidii. Nilimwambia aje Jumatatu tuanze rasmi.

Jumatatu alikuja. Nilipopanda ngazi nilimkuta ameketi ofisini kwa mkurugenzi, na mkurugenzi amemwachia kiti chake cha kuzunguka, yeye mwenyewe amekaa kwenye kiti cha wageni. Nilisikia vicheko. Alhamisi ya wiki ile bango jipya lilitundikwa juu ya duka la vitenge, refu kuliko dirisha la darasa langu. Ndevu nyekundu, meno, na maandishi kwa Kifaransa kwamba sasa tunaye profesa wa Kiingereza kutoka Ulaya.

Alikuwa amekuja kutafuta mwalimu. Akawa yeye ndiye mwalimu. Mpaka leo nikilieleza jambo hili kwa watu, wanadhani nimeruka kipande cha habari. Sijaruka kitu.

Mkurugenzi aliniita ofisini kabla sijamwendea. Alikuwa amekwisha kujiandaa. Alinikaribisha, akaniuliza habari za nyumbani, akafuta miwani yake kwa muda mrefu.

"Mwalimu, ile darasa ya juu, tutampa yeye," alisema. "Wewe utaendelea na benye kuanza. Na saa ya darasa ya juu utakuwa ndani naye, kama assistante. Utamutayarishia masomo. Bon, na kama wanafunzi hawasikii, utabaeleza."

"Kwa hiyo nitafundisha mimi."

"Ndiyo... apana. Mutafundisha pamoja."

"Papa, mtu huyu hajui Kiingereza."

"Najua," alisema, bila hata kubisha. "Nimemusikia. Wewe ni mwalimu, ile iko wazi. Yeye ni uso."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na yeye alinipa ukweli mtupu mezani, kama muuza nyama anavyoweka kichwa cha mbuzi.

"Wazazi banaleta batoto, banakuona, banarudi nyumbani," aliendelea. "Banasema: huyu mama iko sawa na sisi, atatufundisha nini? Wengine banaogopa ile namna yako ya kusema ya mashariki. Mwalimu, mimi nafundisha Kingereza tangu sijaoa. Kama natia picha yangu ku bango, nani atakuja? Mimi pia niko mweusi. Haya mambo sikuyatunga mimi."

Nilimtazama. Alikuwa anasema kweli, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. Kwa sekunde mbili nilimhurumia. Kisha hasira ilinipanda, kwa sababu hakuyatunga, lakini aliyachapisha kwa rangi nne akayatundika barabarani, na watoto wa mji mzima watapita chini yake wakienda shule, wakijifunza bila mwalimu nani anajua na nani hajui.

"Na kama nikikataa?" niliuliza.

"Usikatae," alisema. "Karatasi zako za ukaazi ziko kwa jina la kituo."

Alilisema taratibu, kama mtu anayekukumbusha kuchukua mwavuli. Sikukataa. Naandika hilo hapa kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikisimulia kisa hiki na kuiruka sehemu hii.

Siku ya kwanza mzungu alipoingia darasa la juu, wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nyuma karibu na dirisha, daftari la masomo niliyoyaandika jana yake likiwa mikononi mwake. Alisoma maagizo yangu kwa sauti, hata yale ya mabano niliyomwandikia yeye: hapa ngoja wajibu. Alisoma "hapa ngoja wajibu" na darasa zima likarudia baada yake, kwa heshima. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Alipokosea wakati wa kitenzi, mwanachuo mmoja aliyekuwa mkali wa sarufi alinigeukia akauliza kama ni sahihi. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, yule mama wa Butembo akamkatiza mwenzake: "Acha! Njo vile wenyewe banasemaka." Ndivyo wenyewe wanavyosema. Akaandika kosa lile daftarini mwake kwa wino mwekundu.

Miezi minane ya kazi yangu, na nikamwona akiifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya somo nilimngoja kwenye ngazi. Hakukwepa. Hakuwa mtu wa kukwepa.

"Mama, ile sentensi uliyoandika si sahihi," nilimwambia.

"Inawezekana."

"Unajua si sahihi. Nilikufundisha mwenyewe."

Aliweka mkoba wake kwenye ngazi, akanishika mkono wote mpaka kwenye kiwiko. "Mwalimu, mimi nakupenda. Wewe ulinitoa mbali. Lakini batu banakuja ku magasin yangu banauliza: mama, nani alikufundisha Kingereza? Nikisema mama mmoja wa Tanzania, banaguna. Nikisema mundele, banakaa kimya. Mimi ni mucommerçante. Nauza kitu chenye batu banataka."

"Mimi si sufuria, mama."

"Najua," alisema, na kwa kweli alihuzunika. Kisha akachukua mkoba akashuka.

Nyumbani nilikokuwa nikipanga chumba, mwenye nyumba alikuwa mjane aliyeuza sokoni samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka Yanonge. Jioni ile alikuwa uani akipanga samaki wake kwenye ungo, na mimi nikamwaga yote. Nilisema juu ya yule baba aliyecheka mlangoni, bango, makofi, wino mwekundu. Nilisema watu wa mji huu wamelogwa na ngozi. Nilisema nimekuja kuwapa elimu na wao wanatazama nyuma ya mgongo wangu. Yeye alinisikiliza, akiwageuza samaki mmoja mmoja. Nilipomaliza, alisema kuwa ni vibaya sana, na kwamba mkurugenzi anapaswa kuona haya. Nilifarijika.

"Lakini mwalimu," aliongeza, "usikasirike, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Tangu unafika hapa kwangu, kila neno yangu unaitengeneza. Nikisema 'mutoto iko mugonjwa', unasema 'mtoto ni mgonjwa'. Nikisema 'chakula yangu', unasema 'changu'. Mutoto alikuwa mugonjwa ya kweli, mwalimu. Ile siku nilikuwa natafuta mutu wa kunisaidia kumupeleka hospitali. Wewe ulitengeneza kwanza Kiswahili yangu, kisha ndiyo ulisimama."

Nilikumbuka siku hiyo. Mjukuu wake alikuwa na homa kali, nami nilimbeba mwenyewe mpaka barabarani. Mpaka jioni ile nilikuwa nikikumbuka kumbeba tu.

"Sikuwa na nia mbaya," nilisema.

"Najua. Ile papa mwenye alicheka mbele yako, yeye pia hakukuwa na nia mbaya. Mimi nilizaliwa ndani ya hii Kiswahili. Mama yangu aliniimbia nayo. Wewe unaiangalia kama nguo yenye kupasuka."

Nilikasirika zaidi, kwa muda. Ilionekana si haki kupigwa siku ile ile kutoka pande mbili. Nikaingia chumbani nikafunga mlango, nikakaa kitandani nikimtungia majibu mazuri sana ambayo sikumpa. Lakini ulimi wangu ulikuwa umekwisha kusikia. Kesho yake aliponiambia "chakula iko tayari", nilihisi neno "kiko" likiniruka mdomoni kama mbwa aliyezoea kumkimbilia mgeni, nikaling'ata. Sisemi kwamba makosa yangu yanasawazisha ya kituo. Hayasawazishi. Hakuna aliyemnyima mwenye nyumba wangu kazi kwa sababu yangu. Ila nilijua sasa kwamba ugonjwa ninaoulalamikia nilikuwa nimesafiri nao ndani ya sanduku langu la vitabu.

Mzungu mwenyewe alinifuata baada ya wiki tatu. Alinikuta darasani nikikusanya madaftari, akafunga mlango, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba anajisikia vibaya.

"Wao ndio walioniomba," alisema. "Mimi nilitaka kujifunza Kiswahili tu."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha salamu."

"Naona aibu."

"Aibu yako hainisaidii," nilimwambia. "Mwambie mkurugenzi kwamba huwezi. Sema kesho. Hilo litanisaidia."

Alikuna ndevu. Akasema kwamba mkurugenzi ni mtu mwema, kwamba wanafunzi wamemzoea, kwamba zimebaki wiki tano tu na kuondoka katikati kungewavunja moyo. Akaniuliza kama nimekwisha kuandika masomo ya wiki ijayo. Aliuliza kwa upole wote. Sijawahi kukutana na mtu mwenye adabu kama yule aliyekalia kiti cha mwingine kwa utulivu kama ule. Nilimpa masomo. Wanafunzi walikuwa bado wangu, hata kama hawakujua.

Mwisho wa kozi kituo kilifanya sherehe ya vyeti, mchana, katika ukumbi wa kukodi wenye mapazia ya bluu. Alialikwa mkubwa mmoja wa serikali, kikaja kikundi cha matarumbeta, wazazi wakavaa walivyovaa. Nilikuwa nimesahihisha mitihani yote. Nilikuwa nimejaza alama zote. Asubuhi niliviona vyeti vimepangwa mezani, na kila kimoja kilikuwa na saini mbili: ya mkurugenzi, na ya mzungu, chini yake limeandikwa neno "profesa". Nilivipekua vyote, mpaka cha mwisho, kwa ujinga wa mtu anayetafuta funguo mara ya tatu kwenye mfuko ule ule.

Nilimwendea mkurugenzi. Alikuwa akirekebisha tai.

"Jina langu liko wapi?"

"Mwalimu, tafadhali, si leo. Wageni banafika."

"Nani aliwafundisha watu hawa?"

"Wewe," alisema kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni. "Kila mutu anajua ni wewe. Sasa utusaidie kupitisha soda, wale mademoiselles ya kupokea wageni hawajafika."

Akaniwekea sinia mikononi. Nililipokea, ndivyo mikono inavyofanya ikipewa kitu. Nikatembea nalo mpaka katikati ya ukumbi, chupa zikigongana. Matarumbeta yakaanza. Mzungu alikuwa amesimama jukwaani ndani ya koti la kuazima lililombana mabegani, watu wakipiga picha. Niliweka sinia juu ya kiti cha kwanza kilichokuwa wazi, kiti chenye karatasi iliyoandikwa kwamba ni cha mgeni wa heshima, nikatoka nje. Nilitarajia kimya. Nilitarajia mtu aite jina langu. Matarumbeta hayakukosa hata noti moja, na nilipofika barabarani niligundua kwamba nilikuwa nimetoka bila mtu kuona.

Nililia mpaka nikafika nyumbani. Kisha nikaandika barua ya kuacha kazi, mistari minne, kwa Kiingereza, bila kosa.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu na sitaueleza wote. Karatasi za ukaazi nilizipigania ofisi hadi ofisi, na aliyenishika mkono ni yule yule mwenye nyumba, aliyekuwa na binamu anayejua mlango wa kugonga. Ndiye pia aliyeniambia nifundishe uani kwake. Alinunua ubao kwa fundi, akaufunga kwenye ukuta wa jiko, na kwa wiki mbili wanafunzi wangu walikuwa wawili, muuguzi na yule mwanachuo mkali wa sarufi. Mzungu alikuwa amekwisha kuondoka na wapima miti wenzake. Kituo kilimtuma mjumbe kuniita nirudi, na nilimrudisha mjumbe na salamu tu.

Yule mama wa Butembo alikuja baada ya miezi mitatu. Alikuja mchana, amebeba kitenge kipya na mkungu wa ndizi, akasimama mlangoni mwa ua akisema "hodi" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amerudi kutoka safari yake ya kwanza ya kununua mali ng'ambo.

"Mwalimu," alisema kabla hajakaa, "kule hakuna mundele hata mumoja ku biashara. Bahindi, Bachina, Baarabu, Banigeria. Bote banasema Kingereza, na kila mutu na yake. Nilibishana nabo. Balinisikia vizuri ile siku nilisema vile wewe ulinifundisha. Siku nilisema ile ya wino mwekundu, Muchina mumoja aliniuliza: mama, jana ama kesho?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilichelewa kucheka. Nilikuwa bado namwona kwenye benchi lile, akimkatiza mwenzake. Lakini alikuja na binti zake wawili kuwaandikisha, na Jumamosi iliyofuata akaleta wateja wake, wazazi kumi na mmoja, wakajipanga uani kwenye viti vya kuazima huku moshi wa samaki ukiwapitia usoni. Aliomba kuzungumza yeye kwanza. Nilimwachia.

"Huyu mwalimu munamuona hapa," aliwaambia, "alisoma Londres. Miaka kumi! Bazungu benyewe banamuogopa."

Wazazi wakanigeukia wote pamoja. Niliona nyuso zikibadilika. Niliona ile heshima niliyoingoja miaka miwili ikiniangukia kama mvua, na yote ilikuwa ya mji ambao sijawahi kuuona. Mama aliniangalia akipepesa macho kuniambia ninyamaze, nimwachie biashara. Alifanya hivyo kwa kunipenda. Hapo ndipo hasira yangu yote ilipokusanyika, ya bango na sinia na daftari, na nikajua sasa inakwenda wapi.

"Sijawahi kufika London," nilisema. "Nilisoma Kigoma, na Tabora, na Dar es Salaam. Kiingereza nilifundishwa na mwanamume mmoja wa Kasulu, mweusi kuliko mimi, aliyekuja shuleni kwa baiskeli. Kitabu tulikuwa nacho kimoja darasa zima. Anayetaka mtoto wake afundishwe na mtu wa London, nitamwelewa, lakini hapa hayupo."

Kuku alipita kati ya viti. Baba mmoja aliinuka, akasema kwa Kifaransa kwamba amekumbuka ana miadi, akaondoka. Mwanamke mmoja akamfuata, akimvuta mwanawe aliyekuwa amekwisha kufungua daftari.

"Mwalimu!" mama wa Butembo alininong'oneza kwa ukali. "Unaharibu kazi yako mwenyewe!"

"Sema Kigoma," nilimwambia. "Ukiulizwa dukani, sema Kigoma."

Alisonya. Alisonya sonyo refu la watu wa Kivu, akakunja mikono, akanigeuzia bega. Lakini hakuinuka, wala binti zake hakuwainua. Wengine walikuwa bado wakitazamana, wakipima kama watajuta. Mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na ungo wake, aliwaambia kwa sauti kubwa, "Sasa munangojea nini? Mwalimu iko hapa." Nikageukia ubao, nikaandika tarehe, nikawaomba wanaobaki wasogeze viti mbele.